Dizeli safi kituoni, chafu dumuni

Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kutia vinasaba (alama ya utambuzi) kwenye mafuta, na bajeti ya 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi 400.30 kwa lita. Shabaha ilikuwa wachakachuaji waliokuwa wakichanganya mafuta ya taa na dizeli. Lakini ulinzi huo unaishia kwenye pampu ya kituo. Dizeli ikishatiwa dumuni na kupakiwa bodaboda kwenda Igombe au Kayenze, kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, au ikivushwa kisiwani Ukerewe, usalama wake unabaki mikononi mwa mwenye injini.

Hapo ndipo mashine za kusaga na pampu za umwagiliaji zinapouawa. Dumu lililochota maji ya ziwa jana, leo linabeba dizeli. Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hutuama chini ya tangi na kuvutwa hadi kwenye plunja na nozo, vipuri vinavyolainishwa na dizeli yenyewe. Vikikosa ulainishaji huo vinalika na kushika kutu, injini inagoma kuwaka, na lawama anatupiwa muuza mafuta.

Kinga yake ni nafuu: dumu la dizeli libaki la dizeli tu, liachwe litulie usiku kucha, mafuta yamiminwe kwa faneli yenye chujio, na kile kidogo cha mwisho kisiingie tangini. Injini izimwe na ipoe kwanza. Dizeli haishiki moto upesi kama petroli, lakini ikimwagikia ekzosti yenye moto inaweza kuwaka.

Kwenye oili uzembe ni mkubwa zaidi. Baadhi ya injini hizi hulainishwa kwa kijiko kilicho chini ya konrodi, kinachochota oili na kuirusha ndani. Pampu ikisimikwa kwenye mteremko wa ufukweni, oili hukimbilia upande mmoja: kijiko hakiifikii, na dipstiki nayo inadanganya. Mwendeshaji anaona kipimo kimejaa, kumbe pistoni inakauka. Mchana injini imenoki.

Injini nyingi za silinda moja hutakiwa kubadilishwa oili kila baada ya saa 100 hivi. Mashine inayosaga saa 8 kwa siku hufikisha saa hizo siku ya 13. Hata hivyo, wenye mashine wengi jioni hudai hesabu ya fedha, hawaulizi hesabu ya saa. Mwendeshaji asiyepewa daftari wala oili mpya hapaswi kubebeshwa gharama ya injini iliyokufa.

Halmashauri nazo zina wajibu. Oili chafu ikimwagwa mchangani, mvua huisukuma ziwani, na ni ziwa hilohilo linalolisha chanzo cha maji cha Capripoint jijini Mwanza. Kila mwalo uwekewe pipa lenye mfuniko, kikundi cha usimamizi wa mwalo (BMU) kilisimamie, na anayeikusanya oili hiyo ajulikane kwa leseni.