Ondoeni kibanda, msimfungie njia asiye na kadi

Suala la ushuru wa barabara limerejea nchini kwa kishindo, na hapana shaka litakuwa nasi kwa miaka mingi ijayo. Barabara ya Nairobi Expressway ilianza kutoza magari mwaka 2022. Mnamo Novemba 2025, Rais William Ruto alizindua kazi ya kupanua barabara ya kutoka Rironi hadi Mau Summit, ambayo watumiaji wake pia watatakiwa kulipa. Wapo wanaoshikilia kwamba vibanda vya kupokea fedha taslimu vimepitwa na wakati, na kwamba kila gari litozwe kwa mitambo pasipo kusimama. Mimi ni miongoni mwa wanaokubali. Hata hivyo, nakubali kwa sharti moja ambalo aghalabu husahauliwa: asiye na kadi wala kifaa apewe njia ya kulipa kwa bei ile ile anayolipa mwenye navyo.

Wasomaji wenye umri kama wangu watakumbuka kwamba jambo hili si geni. Sheria ya ushuru wa barabara za umma ilipitishwa mwaka 1984, na baadaye vituo vikawekwa kwenye barabara kuu. Hata leo ukipita Gilgil, utasikia makanga wa matatu akitangaza steji ya "Toll Station", ilhali kituo chenyewe kilikwisha kufa zamani. Madereva walipunguza mwendo, wakapanga foleni, wakatoa noti na kungoja chenji. Palikuwa na malalamiko ya kucheleweshwa, na pia minong'ono kwamba si kila shilingi iliyotoka mfukoni mwa dereva ilifika kwenye hazina. Mwaka 1993 ikaundwa sheria ya hazina ya matengenezo ya barabara, na ushuru ukahamishiwa kwenye mafuta. Mwananchi akawa analipia barabara kila anapotia petroli au dizeli. Mwezi Julai 2024 ada hiyo ilipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa lita.

Kwa hiyo, mtu wa Kola anayeendesha pikapu kuu kuu kwenda Machakos mjini hulipia barabara kila siku, ajue asijue. Anapoambiwa alipe tena juu ya hapo, ana haki ya kuuliza atalipaje na kwa masharti gani.

Tuitazame Expressway yenyewe. Ina urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Mlolongo umo katika kaunti yetu ya Machakos, na inasemekana mji huo ulipata jina lake kutokana na foleni ya malori yaliyokuwa yakingoja kupimwa uzito. Basi barabara iliyojengwa ili kumaliza foleni inaanzia katika mji wenye jina la foleni! Ilipofunguliwa, kampuni iliyokabidhiwa uendeshaji wake ilikubali malipo kwa njia tatu: fedha taslimu kibandani, kadi inayotiwa fedha kabla ya safari, na kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele cha gari ili kisomwe na mtambo. Ada ya gari dogo kwa safari nzima ilikuwa shilingi 360, na kuanzia Januari 2024 ikapanda hadi shilingi 500.

Sitaki nionekane kama mtetezi wa kibanda. Kibanda kina kasoro nyingi. Kwanza, kinaharibu kile kile kinachouzwa. Mtu analipa ili awahi, kisha anasimamishwa nyuma ya magari saba kwa sababu dereva wa mbele ametoa noti ya 1,000 na chenji imekosekana. Pili, fedha taslimu zinazopita mikononi mwa watu wengi huzaa vishawishi. Tatu, magari yanayosimama na kuondoka tena huchoma mafuta na kutoa moshi bure. Mtambo unaosoma kifaa gari likiwa mwendoni unaondoa kasoro hizi zote kwa mara moja. Atakayepinga hilo atakuwa anabishana na jua la mchana.

Isitoshe, nakanusha dhana kwamba sisi wa mashambani tunaogopa fedha za kielektroniki. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na haikuchukua muda kabla ya kufika katika masoko yetu. Siku ya soko hapa Kola, mama anayeuza nyanya kwa debe hulipwa kwa simu, muuza mbaazi hulipwa kwa simu, na mwenye bodaboda pia hulipwa kwa simu. Hakuna aliyetuamuru. Tuliona manufaa, tukaingia wenyewe.

Lakini ni kwa nini tuliingia? Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Fedha iliyomo kwenye simu inaweza kwenda popote. Mama huyo akilipwa asubuhi, adhuhuri ananunua unga kwa fedha hiyo hiyo, jioni anamtumia mwanawe aliye shuleni, na akitaka noti anakwenda kwa ajenti anapewa noti. Mfuko ni wake, na ufunguo anao yeye. Kadi ya barabara ni kitu tofauti kabisa. Fedha ukishaitia humo haitoki kununua unga. Inakaa kwa mwenye barabara, ikikungoja urudi.

Tofauti hii si ya nadharia. Mwaka 2014 serikali iliagiza abiria wote wa matatu walipe nauli kwa kadi. Tarehe ya kwanza ilikuwa Julai mosi, ikasogezwa hadi Desemba, kisha mpango wote ukafifia. Makampuni kadhaa yalikuwa yameleta kadi zao, na ile iliyoitwa BebaPay, iliyoungwa mkono na Google pamoja na benki ya Equity, ilifungwa mwaka 2015. Wenye magari na makondakta walikuwa na sababu zao za kukataa, na nyingine hazikuwa safi. Hata hivyo, abiria naye alikuwa na sababu safi: aliambiwa afungie nauli yake ndani ya kadi ambayo nje ya gari haikumfaa kitu. Wakenya wale wale walioikumbatia M-Pesa waliitupa kadi. Funzo ni kwamba watu hawakatai umeme katika fedha. Wanakataa kufungiwa fedha zao.

Sasa tumfikirie msafiri wa mara moja moja. Mtu wa Westlands anayepita Expressway asubuhi na jioni atanunua kifaa na kukitia fedha bila kunung'unika, maana faida yake anaiona kila siku. Lakini mkulima wa huku kwetu hupeleka maembe Nairobi msimu wa maembe, au humpeleka mgonjwa hospitalini, au huenda kumpokea ndugu uwanja wa ndege. Anatoka Kola, anapita Machakos, anashika barabara ya Mombasa pale Kyumbi, na akifika Mlolongo anakuta magari yamesimama kabisa kwenye barabara ya chini. Mgonjwa anahema nyuma. Hapo ndipo anapoihitaji barabara ya juu kuliko yule aliyezoea kuipita, na hapo ndipo atakapoambiwa: huna akaunti, huwezi kupita.

Tuseme ametakiwa kutia angalau shilingi 1,000 ndipo asajiliwe. Safari yake ni ya shilingi 500. Shilingi 500 zinazobaki zitalala humo hadi msimu ujao, au hadi atakapoipoteza kadi. Kwa mtu mmoja ni hasara ndogo. Kwa wasafiri 10,000 wa aina yake, ni shilingi milioni 5 za watu wa kipato kidogo zilizokaa katika mfuko wa kampuni bila riba kwa mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, ila swali ni kibaba cha nani.

Yapo mataifa yaliyotutangulia katika jambo hili, na hatuna haja ya kujikwaa pale walipojikwaa. Afrika Kusini ilianza kutoza barabara kuu za jimbo la Gauteng kwa mitambo mitupu mnamo Desemba 2013. Hapakuwa na kibanda hata kimoja. Kamera zilipiga picha nambari za magari na bili zikafuata nyumbani. Umma ulihisi haukushirikishwa, wengi wakakataa kulipa, madeni yakarundikana, na mnamo Aprili 2024 mitambo ikazimwa. Mitambo ilikuwa inasoma nambari za magari sawasawa. Kilichokosekana ni ridhaa ya watu.

India nayo iliwalazimisha wenye magari kuwa na kifaa cha kielektroniki kuanzia Februari 2021, na aliyefika bila nacho akatozwa maradufu. Mnamo Novemba 2025 walilegeza kidogo: asiye na kifaa lakini anayelipa kwa simu hutozwa mara moja na robo, na anayelipa fedha taslimu ndiye anayeendelea kulipa maradufu. Tazama jinsi walivyotambua, baada ya miaka kadhaa, kwamba mtu mwenye fedha kwenye simu si mkwepaji. Sisi tulio na M-Pesa hatuna sababu ya kungoja muda huo wote ili tuone hilo.

Pana mtego mwingine ambao ni wetu wenyewe. Mfumo usio na kibanda hutegemea nambari ya usajili ya gari ili kumjua asiyelipa. Lakini ni nani asiyejua jinsi magari yanavyouzwa huku kwetu? Gari la mtumba hupita mikononi mwa watu watatu, ilhali logbuku bado ina jina la yule wa kwanza. Sheria inataka umiliki ubadilishwe. Desturi inasema tutabadilisha kesho. Siku kamera itakapoanza kutuma bili, mwalimu mstaafu aliyeuza gari lake miaka sita iliyopita atadaiwa ushuru wa safari ambazo hakusafiri. Ataanzia wapi kujitetea? Atasafiri hadi Nairobi kueleza? Kabla ya kumtegemea mashahidi huyu anayeitwa nambari ya gari, tuhakikishe kwanza kwamba hasemi uongo.

Tena, mitambo huzimika. Mnamo Julai 2023 mfumo wa eCitizen ulishambuliwa na wahalifu wa mitandao, na wananchi waliokuwa wakitafuta huduma za serikali wakakwama. Kibanda chenye mtu ndani kinaweza kuendelea kufanya kazi kwa kitabu cha risiti. Mtambo ukizimika, ni nani atakayebeba hasara, msafiri au mwenye mtambo? Jibu la haki ni kwamba mlango uachwe wazi na mwenye mtambo abebe hasara yake.

Wala tusisahau kwamba mfumo huu utaweka kumbukumbu ya kila gari, lilipita wapi na saa ngapi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Itumike. Kumbukumbu za safari zihifadhiwe kwa muda unaotosha kumaliza bili na kusikiliza malalamiko, kisha zifutwe. Aidha, vijana wanaokaa vibandani, ambao wengi wao ni tegemeo la familia, waambiwe mapema wataelekea wapi. Mfumo unaotaka msafiri apigiwe simu, asaidiwe na kusikilizwa hauwezi kukosa kazi ya kuwapa.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba naongeza masharti hadi mageuzi yashindwe. Watasema asiyetaka kadi apite barabara ya chini, ambayo ni ya bure. Jibu hilo lina uzito kwa Mlolongo, na natumaini barabara ya chini haitaachwa iharibike ili watu wafukuziwe juu. Lakini haki ya kutumia barabara ya umma kwa kulipa bei iliyotangazwa haipaswi kutegemea kama mtu amejiandikisha kwa kampuni fulani. Aliyeleta shilingi 500 halali ameleta shilingi 500. Tena tusisahau kwamba Aprili 2025 Mahakama Kuu ilikataa agizo la kulazimisha karo ya shule ilipwe kupitia eCitizen, ikieleza kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Njia ya malipo, nayo pia, ni jambo la haki.

Napendekeza hivi. Kibanda kiondolewe, na gari lisilo na kifaa liruhusiwe kupita bila kusimama. Dereva apewe siku kadhaa za kulipa kwa simu kwa kutaja nambari ya gari, au kwa fedha taslimu kwa ajenti yeyote, hata ajenti wa Kola, kwa bei ile ile. Adhabu ianze baada ya siku hizo kupita, si kabla. Salio lililomo kwenye akaunti lirudishwe kwa mwenyewe kwa simu wakati wowote anapolitaka, bila makato. Bili yenye utata isikilizwe katika kaunti, kwa lugha anayoielewa mlipaji. Na haya yote yaandikwe ndani ya mikataba kabla ya kutiwa sahihi, kwa kuwa mikataba ya barabara ni ya miongo mingi, na lisiloandikwa leo litakuwa gumu kudaiwa kesho.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Barabara kuu ni nyumba yenye wageni wengi kuliko wenyeji. Wizara ya Barabara na wabunge wetu wanayo nafasi sasa, kabla ya zege la Rironi kukauka, ya kuamua kama mgeni huyo atapokewa au ataachwa mlangoni akipekua mifuko.