OILI INAVUJA, NA BREKI YA MKONO NAYO IMEKWENDA

Ndugu wanachama,

Kila apitaye bohari analiona lile doa jeusi chini ya Land Rover ya chama. Wapo walioweka boksi la karatasi, wapo waliomwaga mchanga na maganda ya kahawa, na kila Jumamosi dereva anaingia uvunguni kuongeza nusu lita ya oili, basi, siku zinakwenda. Ukiuliza unajibiwa kwa kicheko, eti Land Rover isiyovuja ujue imeishiwa oili. Mzaha huo ni wa zamani na umezunguka dunia nzima, hata sisi tunaucheka. Lakini kwa hili la sasa tunasema: gari litengenezwe kabla msimu wa kahawa haujafunguliwa, na fedha yake itoke kabla ya ile ya kupaka ofisi rangi.

Nusu lita kwa wiki ni lita 26 kwa mwaka. Ile sehemu inayovuja, ambayo mafundi huiita transfa, ukiijaza kutoka tupu inachukua kama lita mbili na nusu tu. Maana yake kwa mwaka tunaijaza zaidi ya mara kumi, na yote tunainywesha ardhi ya bohari, mahali tunapoweka magunia. Na kahawa, ndugu zangu, hushika harufu. Gunia lililolalia oili ya gia likifika kwa muonjaji, bei yake mnaijua.

Hata hivyo oili si hoja yetu kubwa. Hoja yetu ni breki ya mkono.

Gari letu ni la aina ya Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Katika gari hili breki ya mkono haiko kwenye magurudumu kama ilivyo katika magari mengi. Ina ngoma yake moja peke yake, imefungwa nyuma ya transfa, pale propela ya nyuma inapoanzia. Ukivuta mkono, ngoma ile inabanwa, propela inakataa kuzunguka, na magurudumu ya nyuma yanashikwa. Sasa sili inayovuja iko nyuma ya ngoma hiyo hiyo. Oili ikitoka inaingia moja kwa moja ndani ya ngoma na kulowesha lainingi. Lainingi iliyolowa oili haishiki kitu. Ndiyo sababu dereva anavuta mkono mpaka mwisho na gari bado linateleza.

Na pale kwenye mizani gari husimama likitazama bondeni. Chini yake kidogo wanakaa kina mama wanaongoja zamu, na watoto wanacheza kivulini. Gari likiwa na mzigo linashikiliwa na gia moja na jiwe la utingo. Hivi kweli tunahitaji kungoja mpaka lini?

Wapo wanaosema tupeleke gari mjini gia boksi yote ishushwe. Sisi hatukubali, si kwa sasa. Kwanza ijulikane oili inatoka wapi, kwa sababu gari likivuja kwa muda mrefu kila kitu chini huwa cheusi na kila fundi ataona anachotaka kuona. Uvungu usuguliwe kwa brashi na mafuta ya taa, ukauke, upakwe vumbi la chaki ya shule, kisha gari liende mpaka zahanati na kurudi. Palipoloa juu kabisa ndipo penye tatizo; oili hushuka, na upepo huirusha nyuma, haipandi.

Kuna tundu dogo chini ya nyumba ya klachi. Tundu lile limewekwa makusudi ili oili itoke isije ikalowesha klachi, na kizibo chake hufungwa tu wakati wa kuvuka maji ya kina, kisha hufunguliwa. Siku hizi limezibwa kwa kijiti. Aliyekiweka alitaka kusaidia, twamshukuru, lakini kijiti kitolewe leo hii. Tundu likianza kutoa oili nyembamba nyeusi, hiyo ni ya injini. Ikitoka nzito yenye harufu kali ya kiberiti, ni ya gia. Hapo tu ndipo tutazungumza habari ya kushusha gia boksi.

Lakini kama ni sili ya nyuma, kama tunavyoamini kwa kuiona ile ngoma, gia boksi haishuki. Inafunguliwa propela ya nyuma, inatolewa ngoma, inafunguliwa nati kubwa ya katikati yenye pini, inavutwa flenji, na sili inaonekana. Hiyo ni kazi ya fundi wetu wa hapa kijijini, na ni kazi ya siku moja vifaa vikiwepo.

Tunaomba tu asiharakishwe. Kabla ya kuvuta flenji aishike na kuitikisa. Ikicheza juu na chini, beringi imelika, na sili mpya ukiiweka haitamaliza msimu. Flenji ikitoka, apitishe ukucha pale sili inapokaa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, flenji hiyo imechakaa, ibadilishwe, kwa sababu sili haiwezi kuziba shimo la chuma. Mdomo wa sili mpya upakwe oili na uelekee ndani kwenye oili, si nje. Na nati isirudishwe kavu. Oili hupita pia kwenye meno ya shafti, kwa hiyo chini ya washa ipakwe gundi ya gasketi. Lile tundu la kupumulia kwenye kifuniko cha juu lisafishwe. Tope likiliziba, gia boksi ikipata moto hewa inakosa njia, inasukuma oili kwenye sili, nzima au mbovu.

Lainingi ni mpya, si vinginevyo. Tunajua desturi ya kuzichoma kwa mafuta ya taa ili zikauke. Zinakauka kwa juu. Zikipata joto kilimani oili iliyojificha ndani inarudi.

Oili ya gia boksi na transfa ni ya namba 90. Muuza duka aulizwe kopo lenye maandishi GL-4. Ile ya GL-5 ni ya difu, na baadhi yake hula ringi za shaba zilizomo kwenye gia boksi za zamani kama hii.

Ndugu mmoja ametuambia tuliuze, tununue gari jipya. Kwa fedha ipi? Gari la miaka 40 hivi linavuja kwa sababu mpira umekauka, na mpira unabadilishwa. Mwili wake ni mzima, injini inawaka asubuhi kwa mara moja.

Kwa hiyo kwenye mkutano wa Jumamosi tutaomba kura ya vitu vinne: sili, lainingi, gundi na oili, na posho ya fundi ya siku moja. Flenji na beringi zisubiri fundi aseme.

Na jiwe la utingo lisitupwe hata baada ya hapo. Breki hii hushika propela, haishiki gurudumu. Ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma likaacha ardhi, difu inaliachia lizunguke, na gari linaweza kutembea likashuka kwenye jeki ingawa mkono umevutwa. Anayebadilisha tairi aweke jiwe kwanza, mbele na nyuma.