Fulana ya ulinzi si joho la hakimu

Najua niliahidi habari za bumu kuchelewa, lakini hiyo isubiri. Leo nina hasira, na hasira yenyewe nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kulala kwa shangazi, huku Ilala. Mtaa siutaji, shangazi bado anaishi pale! Saa tano na nusu usiku nilikuwa natembea na mwanawe, dogo anayeuza soksi na boksa Kariakoo, mgongoni kabeba begi la mzigo uliobaki. Tukakutana na vijana wanne wa ulinzi shirikishi, fulana za kung'aa, virungu mkononi.

"Nyie madogo, kaeni chini!"

Tukakaa. Mimi nikatoa kitambulisho cha chuo. Dogo hana. Begi la nani? Risiti iko wapi? Basi dogo akarushwa kichura mpaka magoti yakakataa. Halafu tukaambiwa kuna "faini" ya buku kumi, la sivyo begi linalala kwao. Nikatoa buku kumi. Stakabadhi hakuna.

Njiani dogo akaniuliza: "Kaka, si wewe ndiye unayesomea hayo mambo? Mbona umelipa?"

Jamani, mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha nilisimama mbele ya kidato cha tatu nikiwahubiria haki za raia. Swali la dogo lilinichoma kuliko ile buku kumi. Jumatatu nikaingia maktaba. Nilichokikuta ni hiki.

Kwanza, raia YEYOTE, hata mimi na wewe, anaweza kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake. Imo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka amkabidhi mtu huyo polisi bila kuchelewa. Siyo baada ya kichura.

Pili, mgambo aliyepita mafunzo ya jeshi la akiba ana zaidi kidogo. Sheria ya 1975 ilimpa mamlaka ya kukamata yanayofanana na ya polisi. Mwaka 1989 sheria za mgambo zikafanyiwa marekebisho ili sungusungu nao watambulike, maana walikuwa wameshaanza kazi Usukumani na Unyamwezini tangu mwanzoni mwa miaka ya 80, wakisaka wezi wa ng'ombe. Miaka ya 90 ilipoanza, Augustine Mrema akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, sungusungu wakahimizwa mpaka mijini. Kuanzia 2006 IGP Said Mwema akaja na polisi jamii, na ulinzi shirikishi ukashika kasi mitaani.

Sasa someni vizuri. Zote hizo zinazungumzia KUKAMATA. Hakuna hata moja inayompa mlinzi wa mtaa kazi ya kuhukumu, kutoza faini au kuadhibu. Katiba, ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba ana hatia, na inakataza adhabu za kumtweza mtu. Hata afande mwenye nyota begani hana ruhusa ya kukurusha kichura. Itakuwa huyu wa kirungu?

Najua mtasema, "We msomi, siku ukikabwa utamwita nani?" Haki yenu. Mimi mwenyewe niliwahi kumwona Kariakoo mlinzi wa kujitolea, mtu mzima, akimkinga kwa mwili wake kijana aliyepigiwa kelele za mwizi. Mawe yalikuwa yameshaokotwa. Yule mzee akamshika mkono akatembea naye mpaka polisi, huku akitukanwa njia nzima. Huyo ndiye mlinzi! Alikamata, akakabidhi, akaenda zake. Pengine yule kijana yuko hai leo kwa sababu mzee alijua kazi yake inaishia wapi.

Na hawa wanne wetu siwalaumu peke yao. Unamtoa kijana asiye na ajira, humlipi, humfundishi hata siku moja, unampa kirungu na usiku mzima. Unategemea nini? Mshahara wake ataukuta kwenye mifuko ya akina dogo. Wa kulaumiwa zaidi ni waliomvisha ile fulana wakaenda kulala.

Ninachodai si kikubwa. Majina ya walinzi yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Kila mmoja awe na kitambulisho chenye namba. Mchango wa ulinzi uwe na stakabadhi. Liwepo daftari: nani kakamatwa, saa ngapi, kapelekwa kituo gani. Daftari na kalamu hazifiki hata buku kumi!

Nanyi mkisimamishwa, msibishane wala msikimbie. Ulizeni kwa heshima: "Braza, kosa langu ni nini?" Kisha semeni: "Basi twende kituoni." Maneno hayo mawili nilikuwa nayo kichwani usiku ule, nikayameza.

Jumapili kuna mkutano wa mtaa kwa shangazi. Shangazi anasema, "Mwanangu, utatuletea matatizo." Nitakwenda. Dogo kasema naye anakuja, anataka kuona kama safari hii nitafungua mdomo.

Usiku mwema, kesho nina kipindi saa moja.