Namba ya Skrubu si Unene

Wengi waliopita maabara wamefundishwa hivi: ukitaka unene wa kitu kilicho chini ya hadubini, lenga uso wa juu, soma alama za skrubu ndogo ya kulenga, shuka hadi uso wa chini uonekane wazi, soma tena, kisha toa. Jibu ndilo unene. Napinga. Kwa lenzi za kawaida, zile zisizotumia mafuta, jibu hilo si sahihi.

Skrubu hupima mwendo wa lenzi na sampuli, basi. Haijui nuru imepita ndani ya nini. Nuru ikitoka kwenye kioo au maji kuingia hewani hupinda, ndiyo maana sakafu ya kisima chenye maji maangavu huonekana iko juu kuliko ilivyo. Kigae cha kufunikia slaidi chenye unene wa mikromita 170 kitasomeka karibu 110 kwa lenzi ya ukuzaji mdogo, kwa kuwa kiwango cha mpindo cha kioo ni takriban 1.52. Theluthi nzima imepotea, na mkono wa mpimaji haukutetemeka hata kidogo.

“Basi zidisha kwa 1.52,” utaambiwa. Haitoshi. Kanuni hiyo ni ya miale inayopita karibu na mhimili wa lenzi. Lenzi iliyochorwa 40/0.65 hukusanya pia miale iliyolala sana, na kwa miale ya ukingoni kizidisho hukaribia 1.8. Ukikimbilia lenzi ya 10/0.25, kina kinachoonekana wazi kwa pamoja ni mikromita nane au tisa, hivyo hujui hasa uso uko wapi.

Afadhali kuithibitisha lenzi yenyewe. Chukua kigae, kipime kwa geji ya skrubu, tia alama ya wino pande zote mbili, kisha kisome kwa lenzi utakayotumia, ukizungusha skrubu upande mmoja tu ili meno yake yasilegee. Gawanya unene halisi kwa usomaji. Kizidisho hicho ni cha kioo. Tishu iliyo majini, yenye mpindo wa 1.33, inahitaji chake.

Lenzi ya mafuta ina nafuu: sampuli ikiwa ndani ya gundi yenye mpindo unaokaribiana na ule wa mafuta, kama 1.515, usomaji na unene hukaribiana sana.

Wanajiolojia wanaosaga vipande vya mwamba hadi mikromita 30 hawaisubiri skrubu. Hutazama madini ya kwazi kwa nuru iliyopolaishwa. Yakiwa ya kijivu hadi meupe, wanaacha kusaga.