Aliyepanda Ndiye wa Kutoa Salamu

Mwandishi wa makala haya ni mpanda baiskeli. Naanza kwa kukiri hilo, msomaji asije akadhani kuwa nasema nikiwa nimekaa garini na vioo vimefungwa. Tangu ujana wangu baiskeli ndiyo iliyonipeleka kazini na kunirudisha, na hadi leo, ingawa nimepita miaka hamsini na magoti yameanza kulalamika, bado naipanda.

Na nikiri jingine. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiipandisha juu ya kijia cha waendao kwa miguu. Nani asiyeijua hali ya barabara zetu za Mombasa? Matatu husimama ghafula popote lipendapo, tuktuk na pikipiki hupenya kila mwanya, na lori la kontena likikupita waweza kuhisi pumzi zake mgongoni. Apendaye kurudi kwake salama hukwea ukingo, akaenda zake pamoja na wapita-njia.

Jioni moja baada ya Alasiri nilikuwa nikipita kando ya Barabara ya Digo, karibu na Marikiti. Kijia kilikuwa chembamba, na nusu yake imetandikwa bidhaa. Mbele yangu alikuwako mzee wa kanzu na kofia, fimbo mkononi, anakwenda pole pole. Nikapiga kengele. Hakusogea. Nikapiga tena, safari hii kwa ukali. Maskini akababaika, asijue aende kushoto ama kulia, na usukani wangu ukamgonga kiwiko. Ndimu alizozibeba zikamwagika chini.

Nilishuka nikaanza kuziokota, huku nikingoja matusi niliyoyastahiki. Mzee hakunitukana. Aliniuliza tu kwa upole:

“Mwanangu, kengele nimeisikia mara mbili. Salamu je?”

“Nisamehe, baba,” nikamjibu, na la kuongeza sikuwa nalo.

Neno lile lilinirudisha chuoni, juu ya mkeka, mbele ya maalimu wetu. Sote tulifundishwa hadithi ile mashuhuri ya Mtume (s.a.w.), kwamba aliyepanda humsalimu aendaye kwa miguu, aendaye humsalimu aliyekaa, na wachache huwasalimu walio wengi. Utotoni nilidhani hayo ni mambo ya ngamia na farasi wa Bara Arabu. Siku ile, na ndimu mkononi, ndipo nilipofahamu kuwa yanihusu mimi na baiskeli yangu. Aliye juu, mwenye nguvu na mwendo, ndiye apaswaye kuanza kunyenyekea. Tena huwezi kumsalimu mtu unayempita mbio. Salamu yataka upunguze mwendo, umtazame mwenzio, ungoje akuitikie.

Hebu sasa tujiulize: je, mtu mzima ana haki ya kupanda baiskeli kijiani? Wenzetu wa nchi nyingine wamehitilafiana. Uingereza sheria ya mwaka 1835 ilikataza magari kupitishwa vijiani, na mwaka 1888 baiskeli nayo ikahesabiwa kuwa ni gari. Japani yawaruhusu watoto wasiotimia miaka 13, wazee wa miaka 70 na zaidi, na walemavu. Lakini hata hao hutakiwa waende pole, upande ulio karibu na barabara, na wasimame ikiwa watamzuia aendaye kwa miguu. Hapa kwetu Kenya, marekebisho ya sheria ya barabarani ya mwaka 2012 yalikataza vyombo vya moto kupitishwa vijiani, ijapokuwa pikipiki zetu, kwa tuyaonayo kila siku, kana kwamba hazijapata habari.

Lakini sisi watu wa pwani hatukuhitaji kungoja sheria ya mtu. Katika vichochoro vya Mji wa Kale, hamali mwenye mzigo mzito alikuwa akiita “Simile! Simile!”, na watu wakampisha kwa radhi. Aliomba njia kwa sauti ya binadamu, naye alikuwa na mzigo kichwani. Mimi siku ile mzigo wangu ulikuwa haraka tu.

Najua mpanda baiskeli mwenzangu ataniuliza, “Basi wataka tukafe barabarani?” La hasha! Yuko yule apelekaye mikate madukani alfajiri, na yule atokaye Kisauni kuja mjini kutafuta kibarua kwa kuwa nauli ya matatu imemshinda. Hao hawakukwea kijiani kwa ujeuri, wamefukuzwa barabarani. Barabara zetu zilijengwa kana kwamba kila Mkenya ana gari, na ilhali katika nchi hii watembeao kwa miguu ndio wengi kabisa miongoni mwa wanaouawa na magari. Leo wanyonge wawili wanagombania shubiri moja ya njia. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Kwa hiyo dai letu na liende kwa wenye mamlaka. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sera ya kutenga asilimia 20 ya fedha za barabara kwa ajili ya waendao kwa miguu na baiskeli. Kuandika ni jambo moja na kutenda ni jingine, lakini hata kuandika ni mwanzo. Nasi Mombasa, tulioona mwaka 2019 jinsi ufuo wa Mama Ngina ulivyotengenezwa ukawa na nafasi ya kutosha ya kutembea, hatuwezi kuambiwa kuwa haiwezekani.

Hata hivyo, tusiifanye kasoro ya barabara kuwa ruhusa ya kumwonea mzee. Mtoto akipanda kijiani tumsamehe. Mtu mzima akikimbilia huko, ajue kuwa amekwenda ugenini. Penye watu ashuke asukume. Pasipo watu aende mwendo wa miguu. Hivyo ndivyo nifanyavyo sasa, na huchelewa dakika chache tu. Nami nawaaga kwa ubeti huu:

Uliyepanda tambuwa, si yako njia ya guu,
Mnyonge kumsumbuwa, si ada ya walo juu,
Ukishuka ukatuwa, hupungukiwi ukuu,
Aliyepanda na awe, wa kwanza kwa kusalimu.