UCHAMBUZI: Mafunzo ya kukabili magaidi majengoni yawafikie wanaotangulia kufika

Magaidi wanne wa Al-Shabaab walipovamia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri ya Aprili 2, 2015, mji huo haukuwa na uhaba wa watu wenye bunduki. Polisi walikuwapo, na kambi ya wanajeshi haikuwa mbali. Waliokosekana ni maafisa waliofunzwa kuingia katika bweni lenye vyumba vingi na korido nyembamba, na kumtambua muuaji katikati ya wanafunzi wanaokimbia huku na huku. Maafisa wa aina hiyo walikuwa Nairobi, umbali wa takriban kilomita 370.

Kikosi cha Recce, ambacho ni tawi la GSU, kiliwasili alasiri. Kilipoingia bwenini jioni, kilimaliza kazi kwa muda mfupi. Hesabu ilipofanywa, watu waliouawa walikuwa 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi.

Mjadala uliozuka baadaye ulihusu ndege. Wakenya walitaka kujua ni kwa nini kikosi hicho kilichelewa kusafirishwa, nao wakuu serikalini wakatetea kasi yake. Hoja ya usafiri ilikuwa na uzito, lakini ilifunika nyingine nzito zaidi: kwa nini ujuzi wa kupigana ndani ya majengo uwe lazima usafirishwe?

Ujuzi wenyewe si siri wala si uchawi. Mtu anayehudhuria darasa la mapambano ya karibu kwa mara ya kwanza, akitarajia milio na moshi, hushangaa kuona saa za mwanzo zikipita bila risasi hata moja kufyatuliwa. Hufunzwa jinsi ya kusimama, kisha jinsi ya kuelekeza mtutu chini anapopita nyuma ya mwenzake, na kuweka kidole mbali na kifyatulio mpaka awe ameamua kupiga. Baada ya hapo wanafunzi hupitishwa mlangoni polepole, tena na tena, kila mmoja akijua ni pembe ipi ya chumba iliyo yake na akiamini kwamba mwenzake ataishughulikia ile nyingine. Zoezi hilo huchosha, na hurudiwa hadi mwili ulizoee.

Hatimaye huja shabaha. Hizi huwa ni karatasi zenye picha za watu: huyu ameshika bastola, yule ana simu mkononi, mwingine ni mateka aliyekingwa mbele ya mtekaji. Anayempiga mwenye simu hurudishwa mwanzo. Sehemu kubwa ya darasa, kwa hakika, ni kujifunza wakati wa kutofyatua.

Silaha nayo ina usemi wake katika jambo hili. Bunduki ya G3, ambayo polisi wa Kenya wameitumia kwa miaka mingi, ina urefu wa mita moja na zaidi, na risasi yake ya milimita 7.62 inaweza kupenya ukuta mwembamba na kumpata asiyehusika katika chumba cha pili. Katika nyika za Garissa na Wajir, ambako adui huonekana akiwa mbali, ni silaha ya kutegemewa. Mlangoni mwa bweni hugota.

Itakumbukwa kwamba shambulio la Westgate la Septemba 21, 2013, ambapo watu 67 waliuawa, lilikuwa limekwisha kutoa onyo hilo. Miongoni mwa waliotangulia kuingia katika jengo hilo alikuwa raia mwenye bastola ya leseni, Abdul Haji, mwana wa Mohamed Yusuf Haji aliyekuwa seneta wa Garissa wakati huo. Alikuwa amepokea ujumbe wa simu kutoka kwa nduguye aliyenaswa ndani. Yeye, raia wengine wachache na polisi waliovalia kiraia waliwatoa watu wengi kabla ya vikosi rasmi kujipanga. (Abdul Haji alikuja kuwa seneta wa kaunti hiyo mwaka wa 2021, baada ya babake kufariki.) Vikosi vilipofika, polisi na wanajeshi walikosa kuelewana, na iliripotiwa kwamba afisa wa Recce aliuawa kwa risasi za upande wa serikali.

Raia wenye leseni na uwezo wa kifedha wamekuwa wakijifunza kujilinda kwa bastola katika viwanja kama kile cha Kirigiti, Kaunti ya Kiambu. Mfugaji wa Ijara au Fafi hana njia hiyo. Kwake yeye, jirani mwenye bunduki ni polisi wa akiba, mfumo uliodumu tangu 1948, na ambao kwa miaka mingi umewategemea watu wa kujitolea wasio na mshahara. Mwaka wa 2019 serikali iliamuru polisi hao wasalimishe silaha ili wapigwe msasa upya. Kuwachuja kulikuwa na sababu, kwani baadhi ya bunduki hizo zilishukiwa kutumika katika wizi wa mifugo na uhalifu mwingine. Lakini msasa wa tabia ni kitu kimoja na mafunzo ni kingine, na aghalabu la kwanza hupewa uzito kuliko la pili.

Kuna jambo jingine ambalo mipango inayoandikwa Nairobi hulipita kwa haraka. Mwenyeji wa Garissa akisikia kwamba polisi watafunzwa zaidi kutumia bunduki, hafurahi mara moja. Wazee wanakumbuka mauaji ya Bulla Kartasi ya 1980. Wenzao wa Wajir wanakumbuka Wagalla, Februari 1984. Sheria za hali ya hatari katika eneo hilo ziliondolewa 1991 tu, na Novemba 2012, baada ya wanajeshi watatu kuuawa mjini Garissa, soko liliteketea na wakazi wakalalamika kuwa wamepigwa ovyo. Kwa watu hawa, afisa anayejua kutofautisha ni suala la uhai wao wenyewe. Kijana Msomali anayetoka mbio bwenini, mikono ikiwa juu, anahitaji kukutana na mtu aliyerudia zoezi la karatasi zile mara nyingi.

Wanaofundishwa kujiokoa nao hawakutendewa vyema. Novemba 30, 2015, zoezi la kuigiza shambulio katika Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, lilizua hofu kubwa kiasi kwamba watu waliruka kutoka ghorofani. Mfanyakazi mmoja alifariki na wanafunzi kadhaa wakajeruhiwa.

Katika hoteli ya DusitD2, Januari 2019, mambo yalikuwa tofauti. Maafisa waliingia mapema na mamia ya watu wakaokolewa, ingawa 21 waliuawa. Wengi walisifu mabadiliko hayo, na walistahili sifa. Hata hivyo Dusit iko Riverside, mwendo mfupi kutoka kambi za vikosi maalumu. Mwaka mmoja baadaye, Januari 13, 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha walimu wasio wenyeji. Madarasa yalibaki bila wa kuyafundisha.

Chuo cha Garissa kilifunguliwa tena Januari 2016, kukiwa na kituo cha polisi ndani ya ua wake. Ulinzi huo ni hatua. Lakini maafisa huhamishwa, na stadi hii huchakaa isiporudiwa: huhitaji risasi za mazoezi, wakufunzi, na jengo la kujifunzia lililo karibu, si safari ya Nairobi mara moja katika utumishi mzima. Kamati ya bunge inayosimamia usalama ikiketi kupitisha bajeti ya polisi, ingefaa iitishe daftari moja tu: la maafisa walio Garissa, Wajir na Mandera, pamoja na tarehe ambayo kila mmoja alipitishwa mlangoni mara ya mwisho.