Nilimbeba Paris, Nikamshusha Dar

Leo sina ushauri wa kukupa mpaka kwanza niungame. Ukiona yanakugusa usiseme nimekusema wewe, nimejisema mwenyewe.

Junior alipozaliwa, wafanyakazi wenzake na mama yake walituletea zawadi ya mbeleko ya kisasa, ile yenye mikanda miwili ya mabegani na mmoja wa kiunoni. Mimi nikaitundika nyuma ya mlango, ikakaa hapo miezi saba. Mama Junior alibeba kwa kanga, au kwa mikono. Mimi nilikuwa nanunua pampasi na kulipa bili za kliniki, nikaamini kazi yangu imeisha. Siku moja aliponiomba nimbebe mtoto tukienda dukani, nilimjibu hivi: “Mimi nitembee Sinza na mtoto kifuani kama kangaruu, watu watanionaje?” Akanyamaza. Jamani, mwanamke akinyamaza usidhani amekubali.

Baadaye kazi ikanipeleka Paris kwenye semina ya siku chache. Tukavunja kibubu, tukahangaikia viza, tukaenda wote watatu. Semina ilipoisha tukabakiza siku moja ya Disneyland, kwa sababu Mama Junior alikuwa akiiota tangu yuko sekondari.

Kwa usiyeifahamu, Disneyland Paris ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992, na iko kilomita kama 32 mashariki mwa jiji. Unapanda treni ya RER A hadi mwisho wa njia, kituo cha Marne-la-Vallée Chessy, ukitoka nje tu geti hilo hapo. Shida ni kufika kwenye hiyo treni. Vituo vingi vya chini ya ardhi vya Paris havina lifti, ni ngazi juu ya ngazi. Siku za mwanzo tulikuwa tunanyanyua kigari cha mtoto kama watu wanaohamisha friji. Kwa hiyo siku ya Disneyland kigari kikabaki hotelini. Mama Junior akafungua begi akatoa mbeleko, kumbe aliipakia kimyakimya. Akanivisha mwenyewe, akakaza mikanda, akamweka Junior kifuani pangu.

“Baba Junior, hapa hakuna anayekujua. Beba mwanao.”

Nikabeba. Nusu saa ya kwanza nilitembea kama niliyemeza rula. Nikaja kugundua hakuna anayenitazama. Kila upande kuna baba kambeba mtoto, mwingine huku anakula aiskrimu, maisha yanaendelea. Na mbeleko yenyewe ilitusaidia sana. Wenye vigari waliviacha nje kabla ya kuingia kwenye foleni za michezo, na wakitoka wanaanza kukitafuta cha kwao kati ya vingi vilivyofanana. Sisi tulipita tu. Junior alilala kwenye foleni, akaamka, akacheka na mabibi wa Kizungu, akalala tena. Tulipopanda boti za “it's a small world”, zile za wanasesere wanaoimba, nilimtoa nikampakata, macho yakamtoka. Akichafuka, kuna chumba cha watoto wachanga karibu na mgahawa wa Plaza Gardens, tunambadilisha huko.

Sasa, kuna treni linaitwa Big Thunder Mountain. Linapanda mlima, linashuka kwa kasi, watu wanapiga kelele mpaka unaogopa. Sharti lake ni urefu wa sentimita 102, na Junior hajafika hata 75. Nikamwambia mke wangu hilo tulisahau. Yeye kumbe alishasoma: wana utaratibu wa wazazi kupokezana. Mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, halafu wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Akaenda kuongea na wahudumu, akarudi anatabasamu. “Naanza mimi.”

Nikabaki na Junior kifuani, namsikia anavyohema. Mama yake alipotoka kule, rasta zimevurugika, machozi yanamtoka kwa kucheka. Nikashtuka. Kicheko kile nilikuwa sijakisikia tangu Junior azaliwe, na mbaya zaidi, sikuwa nimegundua kwamba kimepotea. Akakaa pembeni yangu, akaitazama mikono yake.

“Unajua hii ndiyo mara ya kwanza kwa miezi saba naenda mahali mikono mitupu?”

Sikuwa na jibu. Zamu yangu ya treni nilipanda, lakini nisikufiche, sikumbuki hata lilikwendaje. Nilikuwa nawaza hiyo mikono.

Jioni mgongo wangu uliuma, nikaelewa kwa nini wake zetu wanaomba kukandwa. Nikuachie niliyojifunza, maana mbeleko nayo ina taratibu zake:

Kaza mikanda mtoto akukumbatie. Awe juu kiasi kwamba ukiinamisha kichwa unaweza kumbusu utosini.

Uso wake uuone muda wote, na kidevu chake kisibanwe kifuani kwake, asije akakosa hewa. Asiyeweza kushika shingo yake atazame kwako, si mbele.

Magoti yake yawe juu kuliko makalio, miguu isining'inie kama soksi kwenye kamba.

Joto lako na lake yanajumlishwa. Mvalishe nguo nyepesi, mtoe mara kwa mara apumue, mnyonyeshe kwa wakati. Na usinywe chai ya moto juu ya kichwa chake.

Kwenye michezo, muulize mhudumu mlangoni kabla ya kupanda. Ya kasi usijaribu kabisa.

Usiku, Mama Junior akaniambia jambo lililonichekesha. Mbeleko hizi za mikanda tunazoziita za Kizungu, moja ya zile za kwanza kupata umaarufu Marekani ilitokana na Afrika. Nesi Mmarekani, Ann Moore, alikuwa mfanyakazi wa kujitolea nchini Togo miaka ya 1960, akaona akina mama wanavyobeba watoto kwa kitambaa na jinsi watoto wale walivyotulia. Alivyorudi kwao akatengeneza yake, Snugli, ikapata hataza mwaka 1969. Kwa hiyo nilichokuwa nakionea aibu ni kanga ya bibi yangu, imesafiri na kurudi na vifungo.

Ungedhani hadithi inaishia hapo, baba kabadilika, makofi tafadhali. Ndugu yangu, subiri.

Tulitua Dar. Nilitoka na Junior kifuani, tukachukua mabegi, tukaelekea nje ya Terminali 3. Kupitia kwenye kioo nikawaona baba mdogo na kaka zangu wawili waliokuja kutupokea. Mikono yangu ikafanya kazi bila kuniuliza. Nikafungua vifungo, nikamtoa mtoto, nikasema, “Mshike kidogo, nisukume mabegi.” Mabegi yalikuwa kwenye toroli, hata mtoto wa darasa la tatu angesukuma.

Mama Junior akampokea. Hakusema kitu. Njia nzima, foleni yote ya Tazara, hakusema kitu. Usiku ndipo aliponiambia, tena bila kupaza sauti: “Kumbe kule ulikuwa unawabebea Wafaransa.”

Sikulala vizuri. Angenitukana ningejitetea. Lakini ni kweli, nilikuwa baba mzuri mahali ambapo haikunigharimu kitu. Mke wangu haishi Paris. Anaishi Sinza, na anachoka Sinza.

Jumamosi iliyofuata nikaitoa mbeleko, nikajivika mwenyewe, kifungo kimoja nikakikosea, nikarekebisha. Nikamwambia naenda kunyoa na Junior. Toka nyumbani hadi kwa kinyozi ni dakika kumi, nikaziona saa tatu. Muuza genge akaguna. Pale kinyozi mshikaji mmoja akasema kwa sauti, “Huyu kashalishwa limbwata!” Wote wakaangua kicheko. Nikakaa kwenye benchi, mtoto kifuani, nikasubiri zamu. Baadaye yule yule mshikaji akasogea, akauliza chinichini, “Hiyo kitu inauzwa wapi?”

Niliporudi, Mama Junior hakuwepo. Ameacha ujumbe kwenye simu: “Nipo saluni. Maziwa yako kwenye friji.” Hakuandika asante, wala sikuidai. Alirudi saa kumi na mbili jioni, kichwa kipya, mkoba begani, mikono mitupu.

Je, wewe mwenzangu, ya kwako imetundikwa nyuma ya mlango gani? Tukutane mwezi ujao.